Namna ya kulitumia neno "sorry" kwa mtu aliyelelewa na "pole" na "samahani"

Katika msitu wa Jozani, pale njia inapoacha miti mikubwa na kuingia mikokoni juu ya daraja la mbao, mgeni mmoja kutoka Uingereza aliteleza akaangukia goti, na kijana aliyekuwa akimtembeza akasema papo hapo, kwa moyo wake wote, "Sorry!" Mgeni aliinuka, akajipangusa tope, akamjibu kwa upole, "It's not your fault", yaani si kosa lako. Kijana huyo ni mwanafunzi katika darasa la jioni ninalolifundisha hapa Unguja, na alipofika darasani alikuwa na swali lililomkaa kifuani mchana kutwa: "Mwalimu, mimi nilimpa pole, mbona yeye ameniondolea kosa ambalo sikulifanya?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake si la maneno mawili. Neno "sorry" tumelizoea mno kiasi kwamba hatulisomi. Tunalisikia tungali wadogo, tunalisema katikati ya Kiswahili chetu kwa sura ya "sori", na kwa hivyo tunapofika mahali pa kuzungumza Kiingereza chenyewe, iwe ni mapokezi ya hoteli, hospitali, bandarini Malindi au mbele ya msimamizi wa mtihani, tunadhani kwamba hili ni moja katika yale tuliyokwisha kuyamaliza. Ninaloliona mimi ni kinyume chake: maneno magumu tunayaendea kwa kamusi na kwa tahadhari, na hili jepesi ndilo linalotutia katika kutoelewana na watu. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa utaratibu ninaoufuata darasani, na ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Hatua ya kwanza: ujue neno hili linaelekea wapi

"Sorry" ni kivumishi. Si kitenzi, na wala si salamu kama tunavyolitumia sisi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", lililotokana na "sar", maana yake maumivu, na ndugu yake wa damu aliyebaki hadi leo ni "sore", neno analolisema mtu mwenye koo linalowasha au mguu uliochubuka. Wengi hudhani kwamba limetokana na "sorrow", yaani huzuni, kwa kuwa yanafanana sura na yanakaribiana maana. Lakini hayo yana mizizi mbalimbali, yakakaribiana tu kwa kuishi pamoja karne nyingi. Basi anayesema "I am sorry" kwa asili anasema "mimi ninaumia". Anaelezea hali ya kifua chake mwenyewe.

Hebu sasa tuyatazame maneno yetu. "Samahani" limetoka katika Kiarabu, katika shina la kusamehe, na linamwendea msikilizaji: linamuomba atoe kitu. "Niwie radhi" na "kunradhi" nayo yanaomba, na kila mtoto wa Kizanzibari anajua uzito wa radhi kwa sababu amekuzwa akiambiwa azitafute radhi za wazazi wake. "Pole" nalo haliombi chochote, linatoa. Linatoka kwangu likamfikia yule aliyefikwa, ndiyo maana tunasema "pole yako", tunasema "poleni" wakiwa wengi, na aliyepewa hujibu "nishapoa" au "ahsante", kama mtu aliyepokea kitu mkononi. Kwa hiyo Kiswahili kina neno la kuomba na neno la kutoa, ilhali Kiingereza kina neno moja ambalo haliombi wala halitoi, bali linaeleza tu kwamba msemaji anaumia, kisha linamwachia msikilizaji atambue kwa nini. Ukilishika jambo hili, makosa mengi yataondoka yenyewe.

La kwanza kuondoka ni kosa la sarufi. Kwa kuwa ni kivumishi, sentensi kamili inahitaji kitenzi cha kuwa: "I am sorry", "She is sorry", "We were sorry". Husemi "I sorry you" wala "I sorry for late", kama vile usivyosema "mimi mgonjwa wewe". Halipokei mtendwa, kwa hivyo huwezi "kum-sorry" mtu. Ukitaka kumtaja yule uliyemkosea, chukua kitenzi "apologise" na kihusishi "to", useme "I apologised to my father". Halibadiliki kwa umoja wala wingi. Na hakuna namna ya kusema "nipelekee pole zangu" kwa neno hili peke yake. Sema "Please tell her I'm sorry to hear the news", yaani mwambie nimesikitika kusikia habari hiyo.

La pili ni namna ya kulitia nguvu. Sisi tunakariri: pole, pole sana, pole mwaya. Kukariri huko kwetu ni huruma. Kiingereza kinatia nguvu kwa maneno yanayotangulia, kama "so", "very", "really" na "terribly", na anayesema "sorry, sorry, sorry" kwa haraka anaweza kusikika kama mtu anayetaka jambo lipite upesi. Sentensi moja kamili, iliyotamkwa taratibu huku ukimtazama mtu, ina uzito kuliko "sorry" tano.

Hatua ya pili: jiulize maumivu ni ya nani na kosa ni la nani

Kabla hujafungua mdomo, jiulize maswali mawili: nani aliyeumia, na nani aliyesababisha? Kwa Kiswahili maswali haya tumeshayajibu bila kujijua, kwa kuwa aliyesababisha husema "samahani" na asiyesababisha husema "pole". Kwa Kiingereza yote mawili yataishia kwenye "sorry", na kinachotofautisha ni mkia unaofuata nyuma yake. "Sorry" isiyo na mkia, ikisemwa pale pale mtu anapojikwaa au anapomwaga chai, kwa sikio la Muingereza au Mmarekani ni ungamo: ni kama umesema wewe ndiye uliyeweka mzizi pale njiani. Ndicho kilichomtokea kijana wa Jozani. Yeye alitoa, mwenziwe akasikia akiungama, na kwa adabu yake akamwondolea kosa.

Ni lazima niseme hapa kwamba matumizi ya kijana yule siyaiti makosa yakiwa baina yetu. Katika Afrika Mashariki, na katika Afrika Magharibi pia, "sorry" ya kumpa pole mtu asiyekosewa na yeyote imeenea, na Kiingereza kinachosemwa na watu wengi kiasi hicho kina haki yake. Muuguzi wa Chake Chake akimwambia hivyo daktari wa Nairobi wataelewana bila taabu. Ninachokitaka ni mtu ajue sikio analozungumza nalo, kama vile sisi tunavyojua kwamba neno fulani la Makunduchi huenda lisifahamike Wete.

Kwa hivyo mgeni akianguka mbele yako, anza na hali yake: "Oh dear, are you all right?" au "Are you hurt?" Baada ya hapo, ukitaka kumpa pole, weka mkia: "I'm sorry you've hurt your knee." Mtu akikuhadithia kwamba mtoto wake anaumwa, sema "I'm sorry to hear that", na hii ndiyo sentensi iliyo karibu kabisa na "pole" kuliko nyingine zote, kwa sababu maneno "to hear" yanaonesha wazi kwamba wewe umesikia tu na hukutenda. Ningemshauri kila anayefanya kazi na wageni aihifadhi sentensi hii kabla ya nyingine yoyote.

Kuna mtego mmoja ambao umewaumiza watu wenye nia njema. Mwanafunzi akitafsiri "pole yako" neno kwa neno, hufika kwenye "I'm sorry for you". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini maana yake ni "ninakuhurumia", na mara nyingi husikika kwa sauti ya mtu anayemtazama mwenziwe kutoka juu, hata pengine kwa dharau. "Sorry for" ikifuatwa na mtu ni huruma: "I feel sorry for that donkey", namhurumia punda yule aliyebebeshwa matofali. "He feels sorry for himself" husemwa juu ya mtu anayejihurumia kupita kiasi. Basi usimwambie aliyefikwa na jambo kwamba u "sorry for" yeye. Mwambie u "sorry about" jambo lenyewe, au u "sorry to hear" habari yake.

Upande wa pili wa hatua hii ni zile pole ambazo Kiingereza hakina kabisa. Sisi tunampa pole mtu kwa kazi, kwa safari, kwa masomo, kwa jua, kwa foleni, kwa kulea. Hakuna aliyeumia na hakuna aliyekosa; tunakiri tu kwamba mwenzetu amebeba kitu. Haya yasipelekwe kwenye "sorry". Mpokezi wa hoteli akimwambia mgeni "Sorry for the journey", mgeni atadhani kuna jambo baya lililotokea njiani ambalo yeye bado hajalijua, au kwamba hoteli inakiri kuchelewesha gari. Kwa aliyetoka Pemba kwa boti siku ya mawimbi, sema "I hope the crossing wasn't too rough", yaani natumai bahari haikukuchosheni sana. Kwa aliyefika kwa ndege usiku, "You must be tired after such a long flight". Kwa mfanyakazi mwenzako aliyeinama juu ya hesabu tangu asubuhi, "You've been working hard" inatosha. Hazina joto la "pole na kazi", na mimi binafsi huona kwamba Kiingereza kina upungufu hapa, lakini ndizo zinazofahamika.

Kwa msiba, sentensi iliyozoeleka ni "I'm sorry for your loss", na iliyo karibu zaidi na moyo ni ile inayomtaja marehemu: "I'm so sorry to hear about your father." Hapa "sorry" inarudi kwenye asili yake ya maumivu, na hakuna Muingereza atakayeisikia kama ungamo. Aliyeambiwa hivyo hujibu "Thank you" basi. Baina ya Waislamu dua yetu inabaki katika lugha yake hata mazungumzo yakiwa ya Kiingereza, na mgeni asiye Muislamu akikwambia "I'm sorry for your loss" siku ya matanga, ujue amekupa taazia kamili kwa lugha yake. Usimwone mkavu kwa kuwa maneno ni machache. Inafaa pia kujua kwamba wenyeji wa asili wa Australia, katika Kiingereza chao, huziita shughuli zote za msiba "sorry business", na wanamaanisha kukusanyika, kulia pamoja na kuacha kazi nyingine mpaka muda wake upite. Mtu wa Pemba akiwasikia wale atawafahamu mara moja.

Hatua ya tatu: kosa likiwa lako, chagua mkia unaofaa

Hapa "sorry" inafanya kazi ya "samahani", na mikia yake ni minne. Ukitaja kitu, tumia "about": "I'm sorry about the noise", samahani kwa makelele. Ukitaja kitendo ulichokwisha kukifanya, tumia "for" na kitenzi chenye "-ing": "I'm sorry for being late". Ukitaja kitendo unachokifanya sasa au unachokaribia kukifanya, tumia "to": "Sorry to disturb you" ni ya mtu anayepiga hodi, na "Sorry for disturbing you" ni ya mtu anayeaga. Ukitaka kuelezea jambo zima, tumia "that", ambayo katika mazungumzo huachwa mara nyingi: "I'm sorry I forgot your key". Wanafunzi wangu huchanganya zaidi "for" na "to", na dawa niliyoiona inafanya kazi ni hiyo ya mlango: unapoingia ni "to", unapotoka ni "for".

Mkia wa kuuogopa ni "if". Anayesema "I'm sorry if you were offended" hakukiri chochote. Amesema kwamba labda wewe umeudhika, na lawama ameirudisha kwako. Msikilizaji aliye makini huudhika zaidi. Sema "I'm sorry that I offended you", ukubali kwamba wewe ndiye mtendaji. Vivyo hivyo, "I'm sorry, but" si maombi ya msamaha hata kidogo bali ni mlango wa kukataa: "I'm sorry, but the kitchen is closed", samahani, jiko limeshafungwa. Ni adabu nzuri ya kukataa, ila usiitumie ukiwa umekosea kweli, kwa maana neno "but" litafuta yote yaliyotangulia.

Nichukue mfano wa malalamiko, kwa kuwa ndipo vijana wetu wengi wanapohukumiwa kwa Kiingereza chao. Mgeni anakuja mapokezi asubuhi, hana maji chumbani, na ana sabuni kichwani. Jibu la "Sorry, sorry, no problem" ni baya kwa sababu mbili: halitaji kilichoharibika, na linamwambia kwamba hakuna tatizo ilhali yeye analo. Jibu linalofaa litaje kosa, kisha sababu kwa ufupi, kisha lini litatengenezwa: "I'm very sorry about the water. The pump has stopped and a man is working on it now. I'll send two buckets to your room straight away." Hapo "sorry" imebeba maana kwa sababu imefuatwa na kitendo, na ndoo mbili zikifika kweli, mgeni yule atakuwa mpole.

Hatua ya nne: pima uzito

Kiingereza kina ngazi. "I regret" ni ya barua na ya ofisi, na iko mbali na moyo. Barua ya kumnyima mtu kazi huanza kwa "We regret to inform you". "I'm sorry" ni ya mdomo na iko karibu. "I apologise" ni kitenzi, na kwa kuwa ni kitenzi, anayekisema anatenda kitendo cha kuomba radhi waziwazi, bila kubakisha shaka juu ya nani mwenye kosa. "Please forgive me" ni nzito kuliko zote na huwekwa kwa makosa makubwa. Mtu anayeitafsiri "samahani" ya kila siku kwa "forgive me" kwa kuwa amekanyaga kiatu cha mwenziwe atamshitua.

Kwamba "sorry" inakaa katikati, baina ya kusikitika na kukiri, si jambo la darasani tu. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China alipotea, na ndege ya Marekani ikatua kisiwani humo bila ya ruhusa, ikiwa na watu 24, ambao walizuiliwa. China ilitaka iombwe radhi; Marekani haikutaka kukiri kosa. Jambo hilo lilimalizika tarehe 11 Aprili kwa barua ya balozi wa Marekani iliyosema "very sorry" mara mbili, kwanza kwa msiba wa rubani na kwa familia yake, kisha kwa kuingia na kutua bila ya kibali cha mdomo. China iliipokea kama maombi ya radhi, Marekani ikasema ni masikitiko tu, na watu 24 wakarudi kwao. Kwa Kiswahili barua hiyo ingekuwa vigumu kuiandika, kwa sababu mwandishi angelazimika kuchagua baina ya "pole" na "samahani", na angefahamika mara moja ni lipi alilolichagua.

Australia nayo ilibishana kwa miaka juu ya neno hilo hilo. Watoto wengi wa wenyeji wa asili walikuwa wamechukuliwa kutoka kwa wazazi wao kwa amri za serikali, na mwaka 1999 Bunge chini ya Waziri Mkuu John Howard lilipitisha azimio lenye neno "regret", huku "sorry" ikiepukwa. Walioumizwa hawakuridhika. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu mwingine, Kevin Rudd, alisimama Bungeni Canberra akatamka "sorry", na watu waliokuwa wakilingoja neno hilo walilia. Anayedhani kwamba tofauti ya ngazi hizi ni ya wanasarufi aikumbuke siku hiyo.

Kwa upande wa sheria pia imebidi mipaka iwekwe. Sheria ya fidia ya mwaka 2006 ya Uingereza na Wales inasema kwamba kuomba radhi, kwa peke yake, hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe, na jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka huo huo, ili watu wasiogope kusema "sorry" kwa kuhofia kushitakiwa. Nayataja haya kwa ajili ya wauguzi na madereva wanaoniuliza kama waseme neno hilo au wanyamaze. Sheria hizo si zetu, lakini zinaonesha kwamba hata wenye lugha wenyewe waliona neno lao linaweza kueleweka kwa njia mbili, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua mkia kwa uangalifu.

Hatua ya tano: matumizi madogo ya kila siku

Haya yanapita upesi. "Sorry?" ikisemwa kwa sauti inayopanda mwishoni ni "umesemaje?", ya mtu ambaye hakusikia. Isichanganywe na kuitikia wito: ukiitwa jina, "labeka" na "naam" zetu kwa Kiingereza ni "Yes?", na ukijibu "Sorry?" anayekuita ataliita tena jina lako akidhani hukumsikia. "Sorry" katikati ya sentensi husahihisha ulimi ulioteleza: "The boat leaves on Tuesday, sorry, Wednesday." Katika msongamano wa Darajani au kichochoro cha Mji Mkongwe, unayetaka kupita sema "Excuse me" kabla hujamgusa mtu, na "Sorry" ukishamgusa; Waingereza husema "sorry" hata kabla, wakati Wamarekani hupendelea "excuse me" mara nyingi zaidi. Ni desturi tu, na hakuna atakayekukasirikia kwa kuchagua moja.

Kikitangulia nomino, kivumishi hiki kinabadilika maana. "A sorry state" ni hali mbovu ya kusikitisha, kama ya nyumba ya mawe iliyoachwa mvua ikaila dari. Nyumba haiombi radhi kwa mtu. "You'll be sorry" ni onyo, maana yake utajuta, na "better safe than sorry" ni ndugu wa "tahadhari kabla ya hatari". Kwa maandishi, neno lina "r" mbili, na likilinganishwa huwa "sorrier" na "sorriest". Kwa matamshi, Muingereza hufupisha "o" ya mwanzo, Mmarekani huipanua ikakaribia "a", na "sori" yetu inafahamika kote, ila tu "r" isitetemeshwe.

Hatua ya sita: ujue namna ya kulipokea

Mtu akikwambia "sorry" kwa kosa dogo, "hapana neno" yetu ni "That's all right", "Don't worry about it" au "No harm done". Zote tatu zinafaa kwa mkubwa na mdogo. Lakini usizitumie kwa mtu aliyekupa pole, na hili nimelisikia likiharibika mara nyingi: mgeni anasema "I'm sorry to hear your mother is ill", na kijana anajibu "Never mind", kana kwamba maradhi ya mama yake ni jambo la kupuuzwa. Kwa pole, jibu ni "Thank you", na ukitaka kuongeza, eleza hali: "Thank you, she's a little better today." Hapo ndipo pahala pa "nishapoa", ambayo Kiingereza hakina, aliyeumwa mwenyewe akiulizwa atasema "Thank you, I'm much better now."

Amebakia kijana wa Jozani, aliyeambiwa si kosa lake na akakosa la kujibu. Nilimfundisha asirudi nyuma wala asione haya, kwa kuwa alichokisema kilikuwa na maana, ila mgeni hakuijua. Wiki ya pili mama mmoja aligonga kichwa kwenye tawi la njia ile ile, kijana aliuliza kwanza kama ameumia, kisha akamwambia: "In Swahili we say pole. It means I feel your pain, even when I didn't cause it." Yule mama alilikariri neno mara mbili mpaka likamkaa, na walipofika walipo kima punju, mwenziwe alipokwaruzwa mkono na mti, alikuwa yeye wa kwanza kumwambia, "Pole."